Amplifaya za Kijapani za Transista: Mnunuzi Ananunua Nini Hasa?

Mpiga gitaa anayetafuta amplifaya ya mtumba siku hizi hupewa mashauri mawili yasiyopatana. La kwanza ni la miaka mingi: achana na transista, tafuta ya valvu hata kama itakubidi ukope. La pili limeshika kasi karibuni: amplifaya ya transista iliyotengenezwa Japani miaka ya 1960, 1970 au 1980 ni mali iliyosahaulika, inunue kabla wengine hawajaishtukia. Masanduku yaliyokaa stoo yakila vumbi yanatolewa, yanafutwa, yanapigwa picha na kutangazwa kwa bei ambayo mwenyewe wa kwanza asingeiamini. Mnunuzi asiye mzoefu hajui kama anauziwa chombo cha kazi au ukumbusho.

Kila shauri lina ukweli wake. Lakini yote mawili yanajikwaa palepale: yanayachukua maneno matatu, "Kijapani", "zamani" na "transista", kana kwamba yakikutana yanataja kitu kimoja. Chini ya maneno hayo kuna vyombo vya namna mbalimbali, vilivyotengenezwa kwa malengo mbalimbali, na ubora wake hauwezi kujadiliwa kwa mkupuo. Inafaa kwanza vitenganishwe, kisha hoja za kila upande zisikilizwe, ndipo tuone ipi inamfaa mtu anayetaka kupiga.

Chuki ya transista ilikotoka

Transista ilibuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa 1947. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi hiyo. Wakati huo amplifaya za gitaa zilitumia valvu: vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama kibatari, vyenye joto kali na umeme wa mamia ya volti. Transista iliahidi kuyaondoa yote hayo. Ni kipande kidogo, hakihitaji kupashwa moto, na kikianguka sakafuni hakivunjiki.

Tatizo lilikuwa jinsi ahadi ilivyoanza kutimizwa. Fender, kampuni iliyojijengea jina kwa amplifaya za valvu, iliuzwa kwa CBS mwaka 1965, na mwaka uliofuata ikatoa amplifaya zake za kwanza za transista. Zilisumbuliwa na joto na hitilafu, wanamuziki wakazikataa, na baada ya miaka michache zikaondolewa sokoni. Wahandisi walikuwa bado wanajifunza. Transista za nguvu za wakati ule zilikufa upesi pale waya wa spika ulipopiga shoti au amplifaya iliposukumwa kupita uwezo wake. Kwa mpiga gitaa wa Marekani na Uingereza somo likawa moja: transista hufia jukwaani, na kabla ya kufa husikika vibaya. Hukumu hiyo ilitolewa juu ya kizazi cha kwanza cha ufundi, lakini imeendelea kurithishwa kama kanuni ya maumbile.

Japani ilifika kwa njia yake. Kampuni changa ya Tokyo, ambayo baadaye ilijiita Sony, ilitoa redio yake ya kwanza ya transista, TR-55, mwaka 1955, na miaka miwili baadaye ikaja TR-63, ndogo zaidi, iliyouzwa sana nje. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960, nchi hiyo ilikuwa tayari na viwanda, mafundi na vipuri vya transista kwa wingi. Wakati huohuo vijana wake walipatwa na homa ya gitaa la umeme. Ziara za kundi la Marekani la The Ventures, hasa ile ya 1965, ziliwasha moto huo, na Wajapani wakaupa jina lao wenyewe: "eleki". Viwanda kama Teisco, Guyatone, Elk na Ace Tone vikawa vinatoa magitaa na amplifaya kwa haraka, kwa ajili ya soko la ndani na kwa meli za kwenda ng'ambo.

Ace Tone ni muhimu katika habari hii kwa sababu ya mwanzilishi wake, Ikutaro Kakehashi. Aliiacha kampuni hiyo na mwaka 1972 akaanzisha nyingine huko Osaka, akaiita Roland. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuukumbuka mkoa huo: miaka miwili kabla, mwaka 1970, ndiko yalikofanyika maonesho ya dunia ya Expo 70, ambako Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda kuiwakilisha Tanzania. Magitaa ya Morogoro yalilia Osaka, na miaka mitano baadaye Osaka ikatoa amplifaya ambayo ubora wake mkubwa ni kuyaacha magitaa ya namna ile yasikike kila moja peke yake. Hilo ni sadfa, lakini litatusaidia mbele.

Makundi matatu chini ya jina moja

Kundi la kwanza ni la homa ya eleki, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970. Nyingi ni ndogo, za mbao nyembamba, na kadhaa zina transista za gerimani, madini yaliyotumika kabla silikoni haijatawala. Zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi na vijana wa mitaani, na watengenezaji walibana gharama kila walipoweza. Sauti yake ni finyu, haina besi ya kutosha, na ikisukumwa hukwaruza kwa namna isiyotabirika. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo, hasa studio, pale wimbo unapohitaji gitaa lenye sura ya redio ya zamani. Ladha hiyo ni halali. Ila gerimani ina kasoro ya kimaumbile: joto likipanda, umeme huvuja zaidi ndani ya transista na hali ya saketi nzima hubadilika. Amplifaya iliyotulia chumbani Tokyo wakati wa baridi inaweza kuwa kitu kingine Mombasa mwezi wa pili.

Kundi la pili ndilo lenye uzito. Linaanza mwaka 1975, Roland ilipotoa JC-120 Jazz Chorus, na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Humo zimo ndugu zake JC-60 na JC-160, zimo Cube za rangi ya machungwa zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na zimo Yamaha za mfululizo wa G, kama G100-112 yenye wati 100 na spika moja ya inchi 12. Hapa transista ni za silikoni, saketi zimekomaa, masanduku ni mazito, na mteja aliyelengwa ni mwanamuziki wa kazi. Wahandisi hawa hawakuwa wakitafuta njia rahisi ya kuiga valvu. Walikuwa na lengo lao: sauti kubwa, safi, isiyobadilika kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Kundi la tatu ni visanduku vya kufanyia mazoezi, vya wati 10 au 15, vilivyouzwa pamoja na magitaa ya bei ya chini. Vina spika ndogo na saketi ya kawaida kabisa. Vinafaa chumbani. Kuviita hazina kwa sababu vina maneno "Made in Japan" mgongoni ni kumdanganya mnunuzi.

Ugomvi mwingi kuhusu amplifaya hizi hutokea kwa sababu anayesifu ana JC-120 kichwani na anayeponda ana kisanduku cha mazoezi.

Wanachosema watu wa valvu

Hoja yao haistahili kupuuzwa, kwa kuwa ina msingi wa kifizikia. Kila amplifaya ina mwisho wa uwezo. Ukiivusha mpaka huo, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa. Saketi ya valvu, kwa kawaida, huvikata taratibu, kama kilima kinachomomonyoka. Saketi ya transista hubaki safi hadi dakika ya mwisho, halafu huvikata ghafla, kama kwa panga. Mkato wa taratibu huongeza sauti za ziada ambazo sikio huzipokea kama joto na unene. Mkato wa ghafla huongeza sauti kali za juu ambazo sikio huziita chuma.

Kuna jambo la pili, lisilotajwa sana. Amplifaya nyingi za valvu hupeleka nguvu kwenye spika kupitia transfoma, na haziibani spika kwa nguvu. Spika ya gitaa ina tabia ya kuvimba kwenye besi fulani na kwenye sauti za juu, na valvu huiacha ivimbe. Transista, iliyounganishwa moja kwa moja na spika, huibana isicheze zaidi ya ilivyoamriwa. Mpiga gitaa anaihisi tofauti hiyo vidoleni hata kabla mkwaruzo haujaanza: ya valvu inampa mkono, ya transista inamtii. Hapa ndipo neno "roho" linapozaliwa. Wanaosema transista haina roho wanaeleza kitu halisi kwa lugha ya mashairi.

Udhaifu wa hoja hii uko katika mipaka yake. Inamhusu mtu anayetaka amplifaya yenyewe imkwaruzie sauti, yaani mpiga rock na mpiga blues. Hata huko kanuni haikazi. B. B. King, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia sauti yake haina roho, alipiga kwa miaka mingi kupitia Lab Series L5, amplifaya ya transista, tena ya Kimarekani. Na valvu zina gharama zake ambazo watetezi wake huzipitia haraka: huchakaa hata zisipovunjika, hubadilishwa kwa seti, na hazipatikani kila mji. Kwa bendi inayozunguka mikoani, valvu iliyokufa Ijumaa jioni ni onyesho lililokufa Jumamosi.

Sauti safi ina kazi gani

Watetezi wa amplifaya za Kijapani wana hoja kuu moja yenye nguvu, nayo ni usafi wa sauti. Wengi huitaja kama jambo la ladha, lakini ina maelezo yanayoweza kupimwa.

Piga noti mbili kwa pamoja, moja ya mitetemo 400 kwa sekunde na nyingine ya 500. Amplifaya safi itatoa hizo mbili. Amplifaya inayokwaruza itazaa na nyingine ambazo vidole havikuzigusa, zikiwemo ya 100, ambayo ni tofauti yake, na ya 900, ambayo ni jumla yake. Kwa noti mbili, mchanganyiko huo unaweza kupendeza. Kwa kodi ya noti sita, ukungu unaingia. Sasa weka jukwaani gitaa la solo, gitaa la rithimu na la besi, kila moja likijaza nafasi iliyoachwa na lenzake, kama ilivyo katika muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya au rumba ya Kongo. Muziki wa namna hiyo unasimama kwa sababu msikilizaji anaweza kuufuata uzi mmoja kati ya nyuzi zote. Mkwaruzo ukiingia, nyuzi zinashikana. Kwa mpiga dansi, mpiga jazz, mpiga gitaa wa kwaya au wa taarab ya kisasa, sifa ambayo mpiga rock anaiita ubaridi ndiyo hasa anayoihitaji.

JC-120 ilijengwa kwa kazi hiyo. Ina amplifaya mbili za wati 60 ndani ya sanduku moja, kila moja na spika yake ya inchi 12. Hata wapigaji wanaoishi kwa mkwaruzo huikimbilia wanapotaka utulivu: James Hetfield wa Metallica, kundi linalojulikana kwa ukali wa magitaa yake, ametumia JC-120 kwa vipande vyake visafi tangu miaka ya 1980. Robert Smith wa The Cure naye ameitumia.

Faida nyingine ya usafi ni kwamba unapokea pedali bila ubishi. Amplifaya ikishakuwa na rangi yake, kila pedali unayoichomeka inapakwa rangi hiyo. Isiyo na rangi huacha pedali iseme. Ndiyo maana wapigaji wengi wenye pedali tano au sita miguuni wamerudi kwenye transista bila kulazimishwa na bei. Hapo ipo tahadhari moja: baadhi ya pedali za mkwaruzo zilibuniwa kuisukuma valvu ambayo tayari iko ukingoni. Zikichomekwa kwenye JC-120 husikika nyembamba na zenye ncha. Anayelalamika kwamba pedali yake imegoma huenda hajakosea, ila amewakutanisha wasioelewana.

Korasi na mnyororo wa ndoo

Kitu kilichoipa JC-120 jina lake, na ambacho ndicho kinachowavuta wengi mpaka leo, ni korasi. Inafaa kueleweka ilivyo, maana humo mna uzuri na mna taabu.

Ndani ya amplifaya kuna chipu inayochelewesha sauti. Wazo lake lilitoka kwa wahandisi wa Philips mwishoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya Matsushita ya Japani ikalifanya bidhaa. Mfano wake ni watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo za maji. Kila ndoo ni kapasita ndogo iliyobeba kipimo kimoja cha sauti. Saa ya umeme ikigonga, kila mtu anampa jirani ndoo yake. Chipu ya MN3002, iliyotumika katika amplifaya za mwanzo, ina mstari wa ndoo 512. Saa ikigonga haraka, maji yanafika upesi; ikigonga polepole, yanachelewa. Kwa kuiharakisha na kuipunguza saa hiyo pole kwa pole, sauti iliyocheleweshwa hupanda na kushuka kidogo, kama mwimbaji wa pili asiyelingana na wa kwanza sawia.

Roland walifanya uamuzi ambao haukuwa wa lazima. Wangeweza kuzichanganya sauti zote mbili ndani ya waya na kuzitoa pamoja. Badala yake waliipeleka sauti kavu kwenye spika moja na iliyocheleweshwa kwenye spika ya pili, zikutane hewani. Anayesimama mbele ya amplifaya hasikii kifaa kikifanya kazi. Anasikia gitaa limekuwa pana, kana kwamba wapo wapigaji wawili chumbani. Saketi hiyo ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1976 ilitolewa peke yake kama CE-1, pedali ya kwanza yenye jina la Boss.

Taabu yake inaanza pale fundi wa mitambo anapokuja na maikrofoni moja. Akiiweka mbele ya spika ya kushoto au ya kulia, ananasa nusu ya korasi, na ukumbi unasikia nusu hiyo. Akizichanganya zote kwenye chaneli moja, kukutana hewani kunageuka kukutana kwenye waya, na upana unapungua. Kumbi nyingi zina mfumo wa chaneli moja tu mbele ya watazamaji. Kwa hiyo utamu anaousikia mpigaji akiwa mita mbili kutoka kwenye amplifaya unaweza usimfikie aliyelipa kiingilio. Isitoshe, mstari wa ndoo humwaga maji kidogo njiani, yaani una mchuruziko wa kelele nyembamba ambao husikika gitaa linaponyamaza. Na kitufe cha mkwaruzo kilichomo katika amplifaya hiyohiyo ni kibaya. Hata wapenzi wake wakubwa hukiacha kwenye sifuri.

Kwa nini zilikuwa rahisi, na kwa nini hazipo tena

Wengi hudhani amplifaya hizi zilikuwa nafuu kwa sababu zilikuwa duni. Sehemu kubwa ya unafuu ilikuwa sarafu. Kuanzia 1949 hadi 1971 dola moja ilibadilishwa kwa yeni 360, kiwango kilichowapa wauzaji wa Kijapani nafasi nzuri mno katika masoko ya nje. Hata baada ya kiwango hicho kuachiliwa, mwaka 1985 dola bado ilikuwa kama yeni 240. Septemba ya mwaka huo mataifa makubwa ya kiuchumi yalikubaliana mjini New York, katika hoteli ya Plaza, kuishusha dola. Katika muda wa kama mwaka mmoja ikafika karibu yeni 155.

Kwa mtengenezaji wa amplifaya, hiyo ilikuwa sawa na kupandishiwa bei bila kuongezewa kipuri kimoja. Kazi nyingi ya vyombo vya bei ya kati ikahamia Korea na Taiwani. Ndiyo maana amplifaya za kundi la pili zina ubora ambao haukurudiwa kwa bei ileile: zilitengenezwa katika kipindi kifupi ambapo ufundi wa Japani ulikuwa umekomaa na yeni bado haijapanda. Mtu anayezisifu kwa ustadi wa Kijapani peke yake anaacha nje nusu ya sababu.

Kuhusu wepesi, dai linalorudiwa sana kwamba transista ni nyepesi linahitaji kusahihishwa. JC-120 ina kilo 28. Fender Twin Reverb, ya valvu, yenye spika mbili kama hizo, ni kama kilo 29. Mgongo hautaona tofauti. Spika, mbao na transfoma ya umeme ndivyo vyenye uzito, na amplifaya hizi hazikubania chochote katika hivyo.

Mezani kwa fundi

Hoja ya uimara ni ya kweli kwa sharti moja. Transista haichakai kama valvu, lakini vinavyoizunguka vinachakaa. Amplifaya ya 1978 ina kapasita za majimaji zinazokaribia nusu karne. Zikikauka, amplifaya hunguruma ikiwashwa tu. Zikivimba, huhatarisha kila kilicho karibu nazo. Vitufe vya kuzungusha hukusanya uchafu na kukwaruza kila vikiguswa. Springi za mwangwi hukatika nyaya zake nyembamba. Haya yote hurekebishika kwa gharama ya kawaida, na muuzaji anayesema "haijawahi kufunguliwa" anaeleza tatizo akidhani anataja sifa.

Hapa fundi wa Afrika Mashariki ana faida ambayo pengine haijui. Transista za Kijapani huandikwa kwa mtindo wa viwango vya nchi hiyo: 2SA, 2SB, 2SC, 2SD, na mara nyingi ile "2S" huachwa. Kwa hiyo kwenye bodi anakutana na C945 au C1815 au A1015, namba anazozifahamu kutokana na redio kaseti zilizopita mezani kwake maisha yote. Bodi ni za tabaka moja, vipuri ni vikubwa vya kushikika kwa vidole, na kila kimoja kinaweza kutolewa kwa pasi ya kawaida ya kulehemu. Linganisha na amplifaya ya kidijitali ya leo, ambayo chipu yake kuu ikifa, kilichobaki ni sanduku na spika.

Faida hiyo inaishia kwenye vipuri viwili. Chipu za mnyororo wa ndoo za Matsushita hazitengenezwi tena, na zinazouzwa kwa jina hilo zinaweza kuwa bandia. Pia baadhi ya amplifaya za miaka ya 1980 zilitumia moduli za nguvu za STK, ambazo mafundi wanazijua, na ambazo nazo zimejaa bandia. Kabla ya kununua amplifaya yenye korasi, washa korasi. Ikiwa haifanyi kazi, bei iwe ya amplifaya isiyo na korasi, kwa kuwa huenda ikabaki hivyo.

Uamuzi

Mtu anayetaka amplifaya imkwaruzie yenyewe, anayeishi kwa blues nzito au rock, asinunue transista ya Kijapani kwa kushawishiwa na bei. Hataipenda, na hatakuwa amekosea. Anayekusanya vitu vya zamani na afuate moyo wake kwenye zile ndogo za eleki, akijua kwamba analipia sura na upekee.

Kwa anayepiga muziki ambamo magitaa mengi yanazungumza kwa zamu, kwa anayebeba pedali zake mwenyewe, na kwa bendi isiyo na fundi wa valvu mjini kwake, amplifaya za kundi la pili ni miongoni mwa vyombo bora vilivyowahi kutengenezwa, na sifa zake si uvumi. Kati ya hizo, JC-120 ndiyo yenye jina, na jina limeipandisha bei. Kwa kuwa Roland bado wanaitengeneza, hakuna sababu ya kulipia ya zamani zaidi ya mpya. Ikiwa korasi si lazima, Yamaha ya mfululizo wa G inatoa usafi wa karibu sana kwa umaarufu mdogo zaidi, na toleo lake la pili lina kirekebisha sauti kinachomruhusu mpigaji kuchagua mwenyewe ni eneo gani la sauti alipandishe au alishushe. Kwa maoni ya uchambuzi huu, hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko bei yake.

Limebaki jambo moja ambalo limeua amplifaya nyingi nzuri. Umeme wa majumbani nchini Japani ni volti 100. Wa kwetu ni 230 au 240. Mitetemo si tatizo, kwa sababu Japani yenyewe hutumia hezi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, na vyombo vyake vingi huvumilia zote. Volti ndiyo tatizo. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ikichomekwa moja kwa moja ukutani Dar es Salaam au Nairobi, huungua papo hapo. Tena plagi yake ya miguu miwili haina waya wa ethi, na mpiga gitaa anayegusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maikrofoni anaweza kupigwa na umeme hadi kufa. Kabla ya kutoa pesa, igeuze usome kibao cha nyuma. Kikisema 100V, nunua na transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha, mpe fundi aiwekee ethi, ndipo uichomeke.